Tunalipia maji au safari yake?

Chupa ya maji ya lita moja na nusu huku Sinza, Dar es Salaam, ni kama shilingi 1,000. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000. Tuikadirie uniti hiyo kwa shilingi 2,000, halafu tujaze ujazo uleule kwa maji ya chupa: zinakwenda zaidi ya shilingi 660,000. Ni zaidi ya mara 300, na bado watu wenye akili zao wananunua. Siwacheki.

Maji mengi ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu. Yanasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanatiwa klorini, ndipo yanasukumwa kuja mjini. Balaa linaanza njiani. Wakati wa mgao presha inashuka, na bomba lenye ufa linafyonza maji machafu yaliyotuama pembeni yake. Ndiyo maana yakirudi tunayamwaga kwanza, maana yanatoka ya kahawia. Kisha yanaingia kwenye simtanki. Niliwahi kuchungulia la nyumba niliyopanga: utelezi wa kijani pande zote, na mjusi aliyekufa zamani. Mjusi yule hakutoka Ruvu.

Kwa hiyo chupa, kama imefungwa vizuri na ina alama ya TBS, shirika la viwango, inatuuzia safari iliyoruka bomba na tanki. Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na jiji likaingia kwenye mgao mkali, hiyo haikuwa anasa. Kwa msafiri wa basi si anasa hata leo.

Ila hoja nzito zaidi ya chupa naiona Arusha, kuzunguka Mlima Meru. Miamba ya volkano kule inatia madini ya floraidi kwenye maji, na yakizidi meno yanakuwa ya kahawia, mifupa ya watoto inapinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Hapo maji ya chupa yenye floraidi kidogo ni kinga ya kweli, mradi usome lebo kwanza.

Upande wa pili nao una yake. Klorini ya bomba huendelea kulinda maji kwa muda hata yakiwa ndooni. Chupa nyingi hazina ulinzi huo. Ukishainywea mdomo na kuiacha kwenye gari juani, vijidudu vina nafasi yao. Zipo pia chupa za kuokota zinazojazwa upya na kuuzwa stendi, kwa hiyo kagua kizibo. Plastiki nayo: katazo la Juni 2019 lilihusu mifuko, chupa zikabaki, na zile ambazo waokotaji hawazipati zinaziba mitaro.

Mimi nyumbani nachemsha au natia dawa ya maji ya WaterGuard, tanki naliosha, chupa nanunua safarini. Kinachonikera ni kwamba anayemudu dumu la dispensa kila wiki hana tena sababu ya kulalamikia bomba lililopasuka mtaani kwake, na kelele zake ndizo zingesikika haraka. Anayebaki na bomba hilo ni yule anayenunua dumu la mkokoteni. Hata kwenye vikao vya kujadili mabomba, mezani utakuta chupa zimepangwa, moja kwa kila mjumbe.