Faili la Mzazi Ni la Nani?

Mtoto wa binamu yangu wa Likoni ametimiza miezi kumi na shingo bado haijakaza. Waliomzalisha mamake, katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja, walisema mtoto "alichoka" njiani. Jamaa nao wakasema ni kudura, na katika nyumba zetu neno hilo halibishiwi. Mimi pia sibishi kudura. Ila kudura haimkatazi mtu kuuliza mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa saa ngapi, yalisikilizwa na nani, na yalipopungua daktari aliitwa baada ya muda gani.

Majibu ya maswali hayo yamo ndani ya faili, na karibu hayapo kwingine kokote. Humo huwa na karatasi iitwayo partogramu, ambayo mkunga huijaza uchungu unapokolea: njia imefunguka sentimita ngapi, kichwa kimeshuka kiasi gani, na mapigo ya mtoto, ambayo hupaswa kusikilizwa angalau kila nusu saa, kisha kila baada ya dakika tano mama anapoanza kusukuma. Katika partogramu iliyozoeleka kuna mistari miwili ya mshazari, wa kwanza wa tahadhari, na wa pili, uliowekwa saa nne mbele yake, wa kuchukua hatua. Alama zikiuvuka mstari wa pili bila jambo lolote kuandikwa kuwa limefanyika, hata mtu asiyesomea udaktari anaona kwamba kuna swali la kujibiwa.

Sheria ya uzembe wa kitabibu tuliyorithi kutoka Uingereza inamtaka mdai athibitishe kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake, kwamba wajibu huo ulikiukwa, kwamba amepata madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na ukiukaji huo wala si na jambo jingine. Wajibu haubishaniwi sana. Kesi za uzazi hukwama kwenye hilo la mwisho, na si bila sababu: mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo utokanao na ubongo wa mtoto kudhurika, unaweza kusababishwa na maambukizi wakati wa mimba, na kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, au na umanjano mkali wa mtoto katika siku za kwanza, na wengi wa watoto walio nao hawakuupata chumba cha leba. Kwa hiyo mahakama humtegemea shahidi mtaalamu, naye mtaalamu, hata awe bingwa kiasi gani, hakuwapo usiku ule. Anachoweza kufanya ni kulisoma faili. Faili lisipokuwepo, au partogramu ikiwa tupu kuanzia saa nane za usiku hadi alfajiri, hana la kusema, na asiye na la kusema humponza aliyemwita.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mazoea yetu. Mawakili wa hospitali hupenda kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kisemacho kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Hatua chache mbele, katika sheria iyo hiyo, kuna kifungu cha 112: katika kesi ya madai, jambo ambalo mhusika mmoja analijua yeye hasa, mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha ni wake. Nani anayajua zaidi yaliyotokea leba, mama aliyekuwa akipoteza fahamu kwa uchungu, au taasisi iliyolipwa ili iyaandike? Maoni yangu ni kwamba partogramu tupu isihesabiwe kuwa pengo katika ushahidi wa mama. Ihesabiwe kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiacha tupu, mpaka atoe maelezo.

Tumekwisha kuona tofauti inayoletwa na ushahidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya kaunti mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na waliopaswa kumhudumia. Kesi ile iliegemea haki za Katiba, ikiwemo ya Kifungu cha 43 kuhusu afya ya uzazi, lakini pia kulikuwa na video iliyopigwa na mtu aliyekuwapo. Sioni kwamba haki ya mzazi ingojee bahati ya jirani wa kitanda mwenye simu yenye chaji.

Wakunga watanilaumu, na wana hoja. Ninajua kwamba mmoja wao anaweza kuwa na wanawake watano au sita wenye uchungu kwa wakati mmoja, na aliyeshika mtoto hawezi kushika kalamu. Lakini sheria hailazimiki kumwangukia yeye: mwajiri hubeba dhima ya kosa la mwajiriwa wake akiwa kazini, na uhaba wa wakunga ni kosa la aliyeipanga zamu. Kama mtu anadhani faili tupu linamlinda mkunga, akumbuke kwamba mkunga aliyefanya kazi yake vizuri usiku ule naye hana cha kuonyesha.

Binamu yangu alipokwenda kuomba nakala aliambiwa alete amri ya mahakama. Hilo si sharti la sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21. Wakati huohuo, madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida yana muda wa miaka mitatu, ila yakielekezwa kwa Serikali sheria nyingine inakata hadi miezi 12. Kwa mtoto kuna hesabu zake, lakini wakili mwangalifu hazitegemei.

Tuliandika barua pamoja, ukurasa mmoja, tukaitaja partogramu kwa jina. Jumatatu alivuka feri akiwa amembeba mtoto, akaiwasilisha, nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Amebakiwa na miezi miwili, na siku 21 kati ya hizo ni za kungoja jibu.