Bahari haingoji kibali

Pale Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, kuna magenga ya pwani ambayo wanajiolojia huyaita Blue Lias. Tabaka la jiwe la chokaa, juu yake udongo wa mfinyanzi mweusi, kisha jiwe tena, udongo tena, mpaka juu. Yote yalikuwa tope la chini ya bahari miaka karibu milioni 200 iliyopita. Amonaiti, mnyama wa baharini wa kale mwenye gamba lililojikunja kama la konokono, aliyezikwa kwenye udongo amebanwa akawa bapa kama jani; aliyezikwa kwenye jiwe bado ana unene wake.

Mpangilio huohuo ndio unaoyaangusha magenga. Mvua hupenya kwenye nyufa za jiwe, ikifika kwenye udongo inakwama, udongo unalowa na kuteleza, na mlima unashuka ufukweni. Mawimbi yanamalizia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka watu wakatazwe kabisa kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe: wasipookota watu, bahari itachukua. Nilipofika Charmouth, jirani na hapo, maji yamekupwa, nilimwona amonaiti mdogo kama kifungo cha koti, kakaa juu ya bonge la tope, anang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Nikaona haya kumgusa, nikamwacha. Kesho yake asubuhi nilirudi: bonge halipo, amonaiti hayupo, ni changarawe tupu. Sijui nilimwachia nani.

Utaratibu wa pale naupenda. Kilichoanguka ufukweni, okota. Genga usilichimbe. Ukipata kitu adimu, toa taarifa kiandikwe, wataalamu wakijue. Na visukuku vikubwa vya pale havikungoja wenye vyeo: mwaka 1811 Joseph Anning aliona fuvu la ikthiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale aliyefanana na pomboo, na mwaka uliofuata dada yake Mary, binti wa seremala, akapata sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1823 Mary akapata plesiosauri mzima, mtambaazi mwingine wa baharini, huyu mwenye shingo ndefu. Familia ile ilikuwa ikiuza visukuku ili ipate kula. Wangekatazwa, mifupa ile ingesagwa na bahari.

Lakini nyundo kwenye genga, hapana, hata kwa mtaalamu wa wikendi. Mwaka 1833 genga liliporomoka likamuua mbwa wa Mary, Tray, hatua chache tu kutoka miguuni pake. Nami nikirudi Charmouth nitakaa mbali na ukuta ule, chini kwenye mstari wa maji, na safari hii nitainama niokote.