Kikosi cha makomando: kila kazi ipate watu wawili

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, orodha hii ya kikosi cha makomando wa anga kila msimamizi wa mchezo anaijua: mshika rashasha mmoja, tabibu mmoja, mdukuzi mmoja, rubani mmoja, kamanda mmoja. Kila mchezaji ana kazi yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake, kikosi kimetimia. Kisha tabibu anapigwa risasi raundi ya kwanza, na mtu pekee anayejua kuzuia damu ni yeye, na yeye ndiye aliyelala sakafuni.

Kikosi cha namna hiyo huenda kikafaa katika mchezo unaochezwa miezi, wahusika wakiwa na nafasi ya kurudi kambini, kutibiwa na kuchukua mtu mwingine. Mchezo wa kikao kimoja hauna kambi ya kurudi. Una saa nne, chombo kimoja cha anga cha adui na lengo moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuuliza “nani anafanya nini” hakutoshi. Uliza kila kazi ina watu wangapi, na jibu liwe wawili.

Tuanzie kwenye dadu. Chukua mfumo wa dadu mbili za pande sita: unajumlisha, unaongeza ujuzi wa mhusika, unatafuta 8 au zaidi. Ndivyo zinavyochezwa hesabu za Traveller, mchezo uliotoka mwaka 1977, katika matoleo yake ya sasa. Bila nyongeza unafaulu mara 15 kati ya 36, yaani asilimia 42. Ukiwa na +1 inapanda hadi 58, +2 ni 72, +3 ni 83. Sasa weka mlango mmoja unaoelekea chumba cha mitambo, na mdukuzi mmoja mwenye +2. Zaidi ya mara moja katika kila nne mlango haufunguki, na jioni nzima inasimama hapo wachezaji wakitazamana. Mpe mtu wa pili njia nyingine ya kuupita mlango uleule, tuseme tochi ya kukatia chuma kwa +1. Uwezekano wa wote wawili kushindwa unashuka kutoka asilimia 28 hadi chini kidogo ya 12. Hujaongeza nguvu yoyote ya kutisha, umeongeza mtu wa pili tu.

Wapo watakaosema mafahali wawili hawakai zizi moja, kwamba wachezaji wawili wenye kazi moja watagombana. Wanagombana pale tu wanapoifanya kwa namna ileile. Mdukuzi anafungua mlango kimyakimya kwa dakika mbili. Mvunjaji anaufungua sasa hivi, na meli nzima inasikia. Hapo kikosi kina uamuzi wa kufanya, na uamuzi wa aina hiyo ndio unaoleta raha mezani.

Kwa wachezaji watano hesabu inakwenda hivi. Kazi za komando ni saba: kupigana kwa karibu, kupigana kwa mbali, kutibu, mitambo na milango, kuendesha chombo, kunyata, na kuongea, ambako ndani yake mna kudanganya na kutisha. Saba mara mbili ni nafasi 14. Kila mhusika mpe ujuzi wa aina tatu, wa kwanza +3, wa pili +2, wa tatu +1. Tano mara tatu ni 15, kwa hiyo nafasi moja inabaki. Ipeleke kwenye matibabu bila kufikiri mara mbili.

Mpangilio unaokaa vizuri ni huu:

Mvunjaji: karibu +3, mitambo +2 (kwa tochi na baruti), mbali +1.
Mdunguaji: mbali +3, kunyata +2, kuongea +1.
Tabibu: kutibu +3, kuongea +2, karibu +1.
Mdukuzi: mitambo +3, chombo +2, kutibu +1.
Mtangulizi (anayetangulia kupeleleza njia): kunyata +3, kutibu +2, chombo +1.

Kazi mbili hazina mwenye +3, nazo ni chombo na kuongea. Hilo ni la makusudi. Makomando wakifikia hatua ya kuongea na mlinzi, mambo yameshaanza kuharibika, na jasho kidogo la dadu linafaa hapo. Rubani naye huhitajika mara mbili tu, kuingia na kutoka. Ukimpa mchezaji karatasi ya mhusika ambayo fahari yake yote ni urubani, atakaa saa tatu akisubiri zamu yake.

Mahali ambapo mhusika hana nyongeza andika 0, si pengo. Katika Traveller asiyefunzwa kabisa hukatwa 3, na kwa lengo la 8 hilo linamshusha kutoka asilimia 42 hadi 8. Komando asiyejua kufyatua bunduki wala kutembea na suti ya anga ni kichekesho, tena kichekesho kisichochekesha akishaelea nje ya chombo. Andika 0 kwenye kazi zote saba na kwenye suti, kwa kila mtu.

Kamanda hayumo kwenye orodha kwa sababu ukamanda si kazi. Mchezaji aliyepewa cheo bila ujuzi wa mikono hana la kufanya ila kuwaamrisha wenzake, na wenzake hawakuja mezani kupokea amri. Cheo nampa tabibu: ndiye anayeongea vizuri zaidi, na ndiye mwenye sababu ya kuwahesabu watu wake kila dakika. Kipe cheo hicho kazi moja inayopimika. Mara moja katika kila tukio, akitoa agizo, mwenzake mmoja anarusha dadu tena. Basi, ukamanda umeishia hapo.

Kunyata ndiko kunakoua vikosi vingi kabla ya risasi ya kwanza, na kosa huwa la msimamizi. Anasema, “Kila mtu arushe.” Kikosi chetu kina +3, +2 na sifuri tatu. Ukizidisha nafasi zao, wote watano wanafaulu pamoja mara 4 tu katika 100. Hata ungempa kila mmoja +1 usingefika 10. Arushe mtangulizi peke yake kwa niaba ya wote, akipunguziwa 1 kwa ajili ya wazito walio nyuma yake. Anabaki na +2, asilimia 72, kiwango kinachotisha bila kukatisha tamaa. Akishindwa, king'ora kisilie papo hapo: mlinzi mmoja asikie kitu na aje kuangalia.

Deraya, vazi la kuzuia risasi, ndipo uwiano unapovunjika kimyakimya, kwa sababu kwenye karatasi tofauti huonekana ndogo. Tuseme bunduki za adui ni za dadu tatu, yaani jumla ya dadu hizo ndiyo madhara, na deraya huyapunguza kwa namba yake. Mvunjaji mwenye deraya ya 14 anaumia pale tu dadu zinapofika 15, yaani mara 20 kati ya 216. Mdukuzi mwenye deraya ya 5 anaumia mara 206 kati ya 216. Mmoja anapita katikati ya moto akipiga mluzi, mwingine kila risasi ni yake. Msimamizi akiona mvunjaji haguswi, anawapa adui silaha za dadu tano, ambazo wastani wake ni 17.5. Mvunjaji sasa anapata michubuko, mdukuzi anakufa kwa risasi moja. Hakuna silaha inayowatosha wote wawili. Dawa ni kubana tofauti isizidi 3: nyepesi 7, nzito 10. Mzito atahisi uzito wake bila mwepesi kuwa maiti inayosubiri zamu.

Silaha zenyewe zichaguliwe baada ya ramani, si kabla. Bunduki ya mdunguaji inayopiga mita 800 haina maana ndani ya korido ya mita 20, na chombo cha anga kimejaa korido. Ama msheni iwe na uwanja wa kutulia chombo ambako anaweza kujilaza juu ya paa, ama umpe bunduki fupi pia na iandikwe kwenye karatasi tangu mwanzo. Mabomu nayo: mkiwa ndani ya chombo chenye hewa, amua mapema bomu la mkono linafanya nini kwa ukuta, na uwaambie wachezaji. Wakigundua baada ya kurusha kwamba wametoboa meli waliyomo, watakulaumu wewe, na watakuwa na haki.

Mdukuzi ana tatizo lake la zamani. Michezo mingi humpeleka ndani ya mtandao peke yake, anatembea chumba hadi chumba, anapigana na ulinzi wa kompyuta, na wenzake wanne wanakwenda kutafuta chai. Usikubali. Urushaji mmoja uzae tokeo moja: kamera zimezimika, mlango umefungwa, taa zimekatika. Tena afanye zamu yake ndani ya raundi ileile wanayofyatua wengine, akiwa amechomeka waya ukutani hatua chache kutoka walipo. Akitaka kudukua akiwa amekaa salama kwenye chombo chao, jibu ni hapana.

Muda unahesabika kama risasi. Mchezaji mmoja hutumia kama dakika mbili kwa zamu. Watano ni 10, weka 3 za msimamizi, raundi moja ni dakika 13. Pambano la raundi nne ni dakika 52. Katika dakika 240 huwezi kuweka mapambano matatu ya ukubwa huo na bado ukabaki na nafasi ya kujipenyeza, kutafuta na kukimbia. Weka mawili. La kwanza liwe dogo, walinzi wanne wasiojua wanakabiliwa na nani, ili kila mtu ajue karatasi yake inafanya nini kabla ya lile kubwa.

Kupanga hula muda kuliko kupigana. Watu wakiambiwa wao ni makomando, wanapanga kama makomando, na saa inapita wakibishana wachukue kamba ya urefu gani. Kwenye kila karatasi acha nafasi mbili za vifaa zikiwa tupu. Mchezaji akikwama katikati ya msheni anajaza moja: “Nina bomu la moshi,” na analo. Nafasi kumi kwa kikosi kizima zinatosha, na kupanga kunaweza kukomea dakika 20.

Kabla watu hawajaketi, chukua karatasi zote tano na mwue mhusika mmoja mmoja kwa penseli. Mvunjaji amekufa: nani anapigana kwa karibu? Tabibu, kwa +1, na ni lazima ijulikane kwamba hapo kikosi kimedhoofika kweli. Tabibu amekufa: mtangulizi ana +2, mdukuzi ana +1, mnaendelea. Pitia hivyo kazi zote saba. Ukikuta yoyote imebaki bila mtu, rudi kwenye nafasi zako 15.

Zoezi hilohilo linajibu swali la mchezaji asiyetokea siku yenyewe. Mwondoe mdukuzi. Milango bado ina mvunjaji na tochi yake kwa +2, chombo kina mtangulizi kwa +1, matibabu bado yana watu wawili. Wataingia kwa kelele zaidi, na kutua kutakuwa kwa roho mkononi.