Wanenaje juu ya nafsi yako?

Fomu ya kipaimara ya mwanangu niliijaza nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Jina, tarehe ya ubatizo, mtaa, namba ya bahasha ya sadaka. Nikafika palipoandikwa "Kazi ya mzazi", kalamu ikagoma. Kwa miaka 11 ningeandika "mhasibu" bila hata kufikiri. Lakini ofisi ilishanipunguza tangu Machi. Walichukua kitambulisho, wakaniachia kamba yake. Mpaka leo imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, mwishoni haina kitu.

Nikapaacha wazi. Katibu wa usharika akaipokea fomu, akaangalia namba ya bahasha tu, akaitia kwenye faili. (Sisi Walutheri hata mbinguni nadhani tutaingia kwa namba ya bahasha.)

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio, majuma yale manne ya kuingojea Krismasi. Kwa mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar, Majilio ni kungoja mara mbili: kanisani tunamngoja Bwana, na huku mtaani tunagombania tiketi za basi za kwenda nyumbani. Ukifika Marangu, kabla hujakaa vizuri, shangazi atakuuliza, "Siku hizi uko wapi, mwanangu?" Anajua fika kwamba uko Dar. Anachotaka ni jina la ofisi, apate cha kuwaambia wenzake Jumapili baada ya ibada. Mwaka ule nilitamani nauli zipande hadi nishindwe kwenda.

Basi masomo ya msimu huu yakanikutanisha na Yohana Mbatizaji, naye anaulizwa swali lile lile. Makuhani na Walawi wametumwa kutoka Yerusalemu, wanataka jibu la kurudi nalo. U nani? Anasema yeye siye Kristo. Je, ni Eliya? Siye. Ni nabii yule? La. Wanachoka: "Wanenaje juu ya nafsi yako?"

Kilichonishangaza ni kwamba jibu zuri alikuwa nalo na hakulitumia. Baba yake ni Zakaria, kuhani wa zamu ya Abiya. Mama yake Elisabeti ni wa uzao wa Haruni. Waliomhoji walikuwa makuhani! Angesema tu "mimi ni mtoto wa mzee Zakaria", wangemkaribisha kama mwenzao, hata wangemuulizia habari za nyumbani. Badala yake anasema yeye ni sauti ya mtu aliaye nyikani. Ukisikia sauti huanzi kuitazama, unageuka kule inakokuelekeza.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Tumeugeuza wito kuwa cheo. Mtu akiguswa na Mungu Jumatatu, Ijumaa bango liko barabarani, picha kubwa, suti ya kung'aa, na jina limetanguliwa na Nabii au Mtume. Na ikifika Desemba tunaahidiwa "jina jipya" kwa mwaka unaokuja, ambalo ukilichunguza ni gari na kiwanja. Yohana alipewa nafasi ya kuchagua cheo mara tatu, akakataa mara zote tatu.

Mimi nami, nikiwa mkweli, sikuwa mbali na mabango hayo. Nilikuwa nimeomba miezi minane nirudishiwe kamba ile ikiwa na kitu mwishoni. Isaya 43 nilikuwa naijua kwa moyo tangu darasa la kipaimara, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", lakini kichwani mwangu jina lenyewe lilikuwa Mhasibu.

Halafu kuna Luka 3. Watu wanamuuliza Yohana, "Tufanye nini basi?" Watoza ushuru wapo, askari wapo. Hamwambii hata mmoja aache kazi ahamie jangwani kula nzige. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa. Askari asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Wito ule ule, kila mmoja anaupata pale alipo, na kwa yule aliye mbele yake.

Hata taji la mishumaa tunaloliweka mbele ya madhabahu lilianza hivyo. Mwaka 1839 huko Hamburg, mwanateolojia Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini, nao hawakuacha kumuuliza Krismasi bado siku ngapi. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku nyingine. Alikuwa anawajibu watoto, basi.

Aliyewekwa mbele yangu mimi alikuwa jirani, muuza vitumbua, mweka hazina wa kikoba cha mtaani, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Alikuja jioni na kauntabuku chini ya kanga. Daftari lilizidi sanduku kwa shilingi 42,000, na wenzake walishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. "Mama Neema, wewe si ulikuwa unasomea haya mambo?" Tulikaa hadi saa nne usiku, hisa, mfuko wa jamii, faini, marejesho, mstari kwa mstari. Ikaonekana: marejesho ya mtu mmoja yaliandikwa mara mbili, chini ya ukurasa mmoja na juu ya ule unaofuata. Yule mama alikaa kimya, kisha akaanza kulia, mikono bado inanukia hiliki.

Leo navisaidia vikundi vitatu. Kimoja hunilipa, kimoja hunipa vitumbua, cha tatu bado tunazungumza.

Jumamosi hii, kabla ya mshumaa wa pili, wanavunja kikoba ili kila mtu apate chake cha sikukuu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na akina mama watatu tofauti. Mimi sina ufunguo wala hisa. Nimeambiwa nije saa tatu kamili, na kalkuleta yangu.