Shabiki wa Hevi Metali Anasikia Nini

Ukipenda, chongo utaita kengeza. Methali hiyo hurushiwa shabiki wa hevi metali, ule muziki wa roki wenye magitaa mazito na kelele nyingi, kila anapoisifu bendi yake. Shutuma yenyewe inajulikana. Kuna msikilizaji wa kweli, anayepima kila kazi kwa ubora wake, na kuna shabiki wa kutupwa, mwenye fulana nyeusi na viraka vya bendi kwenye jaketi, ambaye jina likishaandikwa juu ya albamu hana haja tena ya kujua kilichomo ndani. Wa kwanza anathamini muziki, wa pili anaabudu watu.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na nitaufikia. Lakini naona imemwonea shabiki kwa muda mrefu, kwa sababu inachukulia kuwa mapenzi huziba masikio.

Kuna takwimu moja ambayo kila upande hudai ni yake. Mwaka 2015 Spotify, kampuni ya kusikilizia muziki mtandaoni, ilitangaza kwamba, kati ya aina za muziki ilizozilinganisha, wasikilizaji waaminifu kuliko wote ni wa metali. Mashabiki walishangilia, na wakosoaji wakaona wamethibitishiwa walichokuwa wakikisema. Wachache waliuliza huo uaminifu ulipimwaje. Spotify walichukua wasanii walio kiini cha kila aina ya muziki, wakahesabu nyimbo za kila msanii zimechezwa mara ngapi, kisha wakagawanya kwa idadi ya watu waliozicheza. Basi. Hakuna aliyeulizwa anaipenda bendi yake kiasi gani, au kama angeitetea ikikosea. Kilichopimwa pale ni kurudia.

Na kurudia kuna sura mbili. Yuko anayerudia kwa mazoea, kama mtu anayepita njia ileile kila siku bila kuitazama. Yuko pia anayerudia kwa sababu bado hajamaliza kusikia. Hesabu ya Spotify haiwezi kuwatenganisha, kwa hiyo haimsaidii anayetaka kuthibitisha kwamba mashabiki hawa ni vipofu. Mimi kinachonishughulisha ni kwa nini namba hiyo iwe kubwa kwenye metali kuliko kwingine. Wimbo wa popu hutungwa ukushike mara ya kwanza. Metali, hasa ile kali, mara ya kwanza ni ukuta. Ukifika mbele yake utageuka urudi, au utakaa hapo hadi uone mlango uko wapi.

Wachukue Meshuggah, bendi ya metali ya Uswidi. Mara nyingi mpiga ngoma wao, Tomas Haake, hushika kwa mkono, kwenye matoazi, pigo la kawaida la hesabu ya nne, huku miguu yake ikifuatana na magitaa katika mzunguko mwingine usiogawanyika kwa nne. Mizunguko hiyo miwili huanza pamoja, ikaachana, ikapishana, kisha ikakutana tena. Ukisikiliza mara moja utasema ni fujo. Ukisikiliza mara kumi, kichwa kinaanza kutikisika kwa kufuata matoazi. Baadaye sana unajikuta mwili unangoja mahali pa kukutana kabla hapajafika, na pakifika unasisimka. Nani atausikiliza muziki kama huo mara zote hizo kama hakuwa ameupenda kabla hajauelewa? Sauti za kukoroma za deth metali, tawi moja kali la metali, ziko hivyohivyo. Mgeni husikia mnyama mmoja. Aliyekaa nazo husikia waimbaji tofauti, kila mmoja na pumzi yake na namna yake ya kumaliza neno.

Hata yale yanayodharauliwa kama udaku wa mashabiki yana kazi yake masikioni. Shabiki wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza, anajua kwamba mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimtese. Unaweza kuuona uzito wa albamu yao ya mwaka 1971, Master of Reality, bila kuyajua hayo. Ukiyajua, unasikia nyuzi zilizolegea na mkono unaokwepa maumivu, na uzito ule unapata sababu.

Ushahidi ninaourudia kuliko wote, hata hivyo, ni wa Septemba 2008, bendi ya Marekani ya Metallica ilipotoa albamu ya Death Magnetic. Kulikuwa na furaha kwamba bendi imerudi kwenye kasi yake ya zamani. Waliolalamika ni mashabiki. Walisema sauti imebanwa na kupandishwa kupita kiasi, hadi ngoma zinapasuka na gitaa halina pa kupumua. Kisha wakatafuta ushahidi, wakaupata mahali pasipotarajiwa. Nyimbo zilezile zilikuwa zimewekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, na humo zilisikika safi zaidi. Waliyaweka mawimbi ya sauti ya matoleo mawili sambamba. La mchezo lilikuwa na vilele na mabonde, la albamu lilikuwa kama tofali. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Fundi aliyefanya kazi ya mwisho ya sauti, Ted Jensen, alieleza kuwa kazi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa hivyo.

Nalitazama tukio hilo na kujiuliza ni nani angeweza kuligundua. Mpimaji asiye na upande angeisikiliza albamu mara mbili tatu, akaandika maoni yake, akaendelea na kazi nyingine. Ilihitajika mtu anayeipenda bendi kiasi cha kuwa na albamu na mchezo pia, na kuzicheza nyimbo hizo hadi tofauti ndogo imkere. Mtu huyo, anayesemwa kwamba angekubali chochote chenye jina la Metallica, ndiye aliyekataa. Na haikuwa mara ya kwanza. Ni masikio ya aina hiyohiyo yaliyouliza gitaa la besi la Jason Newsted limepotelea wapi kwenye albamu ya Metallica ya mwaka 1988, ...And Justice for All, ambamo karibu halisikiki.

Wasio mashabiki nao wana rekodi yao. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Februari 1970, na jarida la Rolling Stone likaiponda. Mwaka 2006 bendi hiyo iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Kwa miaka 36 katikati, waliokuwa wameshikilia ni wanunuzi wa tiketi na fulana. Mwaka 1989, tuzo za Grammy zilipotenga kwa mara ya kwanza nafasi ya roki ngumu na metali, Metallica walikuwemo. Tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi inayotambulika zaidi kwa filimbi ya kiongozi wake. Waliopiga kura ile hawakuwa na ushabiki wowote wa metali. Wala hawakuwa wakiijua.

Sasa upande wa pili, na sitaki kuupunguza. Mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things ilitumia wimbo wa Metallica wa mwaka 1986, Master of Puppets, na kwa mara ya kwanza wimbo huo ukaingia kwenye chati kuu ya Marekani, Hot 100. Vijana wengi wakaja. Baadhi ya wakongwe waliwapokea kwa mtihani: taja albamu tano, nani alikuwa anapiga besi wakati huo? Wasichana wamefanyiwa mtihani huo miaka yote, hata wanaojua kuliko anayewatahini. Bendi yenyewe ilisema kila mtu anakaribishwa. Anayetahini hivyo hasikilizi tena, analinda mpaka, na ananiumiza zaidi kwa sababu anatumia ujuzi niliousifu hapo juu kama rungu. Mwaka 1981 kijana wa miaka 17 aitwaye Lars Ulrich alisafiri hadi Uingereza kuwafuata Diamond Head, bendi aliyokuwa akiihusudu, nao wakampokea akakaa nao. Mwaka huohuo yeye na James Hetfield waliunda Metallica.

Kuna baya zaidi ya kiburi. Nchini Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi dogo la vijana wa blaki metali, tawi jingine la metali, walitaka uaminifu usio na doa, na ukawafikisha kwenye kuchoma makanisa na kuua. Varg Vikernes wa bendi ya Burzum alihukumiwa mwaka 1994 kifungo cha miaka 21 kwa mauaji ya mwenzake Euronymous na kwa kuchoma makanisa. Hapo ushabiki hauna pa kujificha. Lakini tazama pia rekodi zake zinavyotetewa hadi leo. Mara nyingi utasikia, “mimi nasikiliza muziki tu, mtu hanihusu.” Hiyo ni lugha ya msikilizaji safi, yule tunayeambiwa ndiye mkweli. Anayejali bendi kama watu, kama mashabiki wanavyojali, hawezi kulikwepa swali hilo kwa wepesi huo. Kwa hiyo hata hapa lawama haiangukii upande mmoja.

Mahali ambapo sina utetezi ni Lulu, albamu ambayo Metallica waliitengeneza pamoja na mwanamuziki wa roki Lou Reed mwaka 2011. Mashabiki waliikataa haraka na kwa ukali, wengi wakiwa wamesikia kipande kimoja tu kilichotangulia. Wale waliogundua ubovu wa Death Magnetic kwa subira ya ajabu hawakuipa hii hata jioni moja. Laurie Anderson, mke wa Reed, alisimulia mwaka 2015 kwamba mwanamuziki David Bowie aliiona ni kazi kubwa kuliko zote za mumewe. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioikataa. Niliizima kwenye wimbo wa tatu. Nimeirudia mwaka huu, mara kadhaa. Sehemu kubwa bado siipendi, na naweza kusema ni kwa nini, jambo ambalo mwaka 2011 nisingeliweza. Wimbo wa mwisho, Junior Dad, una dakika zaidi ya 19. Reed anamaliza kuimba, magitaa yananyamaza, na kwa dakika kadhaa zinabaki ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde zikivuma peke yake. Sasa hivi nausikiliza wimbo huo kila siku.