Panya walionyimwa usingizi wa diazepamu

Dawa ya diazepamu hufanya mengi kwa mkupuo mmoja: hutuliza wasiwasi, huleta usingizi, huzuia degedege, huvuruga kumbukumbu. Je, wasiwasi hupungua kwa sababu mtu anasinzia, au kila jambo lina mlango wake? Dawa hii hushika aina kadhaa za vipokezi vya GABA, kemikali ya mwilini inayotuliza seli za ubongo, na aina hizo zinafanana mno. Kupunguza au kuongeza dozi kusingetoa jibu, kwa kuwa dawa huzigusa zote pamoja.

Jibu lilitoka Zurich mwaka 1999, na kwangu hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika elimu ya dawa. Timu ya Uwe Rudolph na Hanns Möhler haikufuta jeni. Ilibadili asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini, histidini ikawa arjinini, kwenye alfa-1, mojawapo ya vijenzi vinavyotofautisha aina za kipokezi hicho. GABA ya mwilini ikaendelea na kazi yake; diazepamu ndiyo iliyokosa pa kushika. Panya hao walipopewa dawa hawakulegea kwa usingizi kama wenzao, lakini woga uliwapungua vilevile: waliacha njia zenye kuta wakatembea kwenye njia zilizo wazi, juu juu, mahali ambapo panya kwa kawaida hapapendi. Mwaka 2000 badiliko la namna hiyo likafanywa kwenye alfa-2, mambo yakageuka. Usingizi ulikuja, wasiwasi haukutulia.

Ndiyo maana naona tunawasifu mno panya waliofutwa jeni. Wana kazi yao: mwaka 1996 timu ya Brigitte Kieffer nchini Ufaransa ilionyesha kwamba panya asiye na kipokezi cha miu, kile ambacho mofini hukishika, hapati nafuu ya maumivu kwa mofini, wala hapati uraibu wake. Lakini panya wa namna hiyo amekua na pengo tangu tumboni, na mwili hauachi pengo hivihivi. Ukimfutia alfa-1, vijenzi vya alfa-2 na alfa-3 huongezeka. Sasa unampima panya gani?

Njia ya Zurich nayo ina mpaka wake. MRK-409, dawa iliyotengenezwa kwa kufuata ramani hiyo, haikuwasinzisha wanyama wa maabara. Watu waliojitolea kuijaribu walisinzia. Bado ilikuwa inaigusa alfa-1, kidogo tu. Panya alikuwa ametuonyesha mlango wenyewe. Binadamu akatuonyesha kwamba kwake hata kuuegemea kunatosha kuufungua.