Krosova ya spika za honi: koili na kapasita, au prosesa?

Anayejiundia spika za honi lazima aamue: krosova, yaani kigawa masafa kati ya besi na sauti za juu, iwe ya koili na kapasita ndani ya boksi, au iwe prosesa ya dijitali na kila draiva (kitoa sauti ndani ya spika) ipate amplifaya yake? Kila upande una hoja nzito, ila nyingi hutajwa bila namba.

Hoja kubwa ya prosesa ni muda. Honi yenye kina cha sentimita 20 huirudisha draiva yake nyuma ya wufa (draiva ya besi), na sauti ya honi huchelewa takriban milisekunde 0.58. Ukigawa kwenye 1 kHz, huo ni mzunguko zaidi ya nusu, kama digrii 210. Kugeuza nyaya za draiva hurudisha digrii 180, na hapo kwenye 1 kHz mambo huonekana mazuri. Shuka hadi 500 Hz au panda hadi 1.4 kHz, fezi (hatua za mawimbi ya draiva mbili) zimeshaachana tena. Prosesa humaliza kazi kwa kuchelewesha wufa. Koili na kapasita haziwezi kirahisi hivyo, labda usogeze honi mbele ya boksi, na mara nyingi umbo halikubali.

Lakini prosesa ina gharama yake. Draiva ya honi ikitoa desibeli 108 kwa wati 1, huku wufa ikitoa 98, ile "shhh" ya amplifaya itasikika hata muziki ukiwa umezimwa. Hapa mafundi wa koili wana dawa ambayo wenzao huidharau bure: rizista ya omu 5.6 kwa mfululizo, kisha ya omu 3.9 sambamba na draiva ya omu 8. Sauti hushuka karibu desibeli 10, na shhh nayo hushuka kiasi hicho hicho.

Rizista hizo ndizo pia huokoa krosova ya koili. Kanuni za kukokotoa hudhani draiva ni omu 8 daima, kumbe ndani ya honi impidansi (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) inaweza kuruka hadi omu 30, na mkato uliokusudia, yaani masafa ya kugawia, ukapotea. Zikiwekwa, krosova huona omu 8.2 pale draiva ilipo 8, na omu 9 tu inapofika 30.

Kwa honi yenye kina, ningechagua prosesa, rizista hizo zikibaki, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 80 kwa mfululizo mbele ya rizista hizo. Hiyo hukata karibu 250 Hz, mbali na 1 kHz, na huzuia umeme wa DC usiunguze draiva amplifaya ikiharibika. Kwa honi fupi inayoweza kulinganishwa na wufa, koili zinatosha.

Vipimo haviepukiki kwa yeyote. Weka spika na maikrofoni kimo cha mita 1.2, umbali wa mita 1. Mwangwi wa sakafu hufika milisekunde 4.6 hivi baada ya sauti ya moja kwa moja, kwa hiyo kata dirisha (kipande cha rekodi kinachochambuliwa) kabla ya hapo, na usiamini chochote chini ya 220 Hz. Pima kila draiva peke yake bila kugusa maikrofoni, ukitumia rejeo la muda, yaani sehemu moja ya kuanzia kuhesabu muda katika vipimo vyote. Bila hilo, fezi za vipimo viwili hazilinganishiki. Kisha geuza polariti (nyaya za + na -) ya draiva moja, upime zote pamoja. Shimo la desibeli 20 au zaidi kwenye mkato linaonyesha fezi zinakubaliana. Likiwa la kina kidogo, rekebisha muda kwanza, kisha hakikisha viwango vya draiva zote mbili vinalingana hapo. Rudia kwa digrii 15 na 30 pembeni, maana shimo zuri la mbele tu linaweza kuwa la bahati.